Wimbo Tulioutoa Bila Kumwuliza Mama

Habari za kifo chake nilizisikia kwenye redio ya Waswidi, na hilo peke yake linatosha kumweleza mgeni jinsi sisi tulivyoishi naye. Ilikuwa Jumapili asubuhi, chai iko mekoni, mtangazaji akasema amefariki yule mwalimu wa kwaya kutoka Kongo aliyechangia kuzaliwa kwa mojawapo ya nyimbo za roki zinazopendwa mno nchini hapa. Akalitamka jina lake kwa kulivunjavunja, kisha akaupiga wimbo wenyewe. Niliizima redio kabla haujafika kiitikio. Nikaichukua simu nikaikodolea macho. Kwa kawaida, akifa mmoja wetu katika mji huu, hata awe alikuwa mlevi na mgomvi, simu hazipoi: huyu anauliza nani atapika, yule anauliza nani ana gari la kubebea viti, na kabla ya jua kutua viatu vimejaa mlangoni kwa marehemu. Siku ile simu yangu ililala. Ilipoita jioni, alikuwa mzee mmoja wa kanisa la Hässelby, kanisa ambalo marehemu ndiye aliyeliundia kwaya. Alinijulisha kwamba mazishi ni Ijumaa ya wiki ya pili, na kwamba wazee wameketi wakakubaliana kwaya haitaimba. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio.

Nimekaa na maneno hayo siku tisa. Nchi hii haina haraka ya kuzika, inakupa muda wa kufikiri hata kama hukuuomba. Basi nimefikiri, na ninachoandika leo si sifa za marehemu, maana sifa nilikwisha kuziandika zamani katika safu hiihii ya gazeti na zikamtia matatani. Leo naandika jinsi wimbo ule ulivyotengenezwa, habari yote, pamoja na kipande nilichokiacha mara ya kwanza.

Tulijuana mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili katika shule moja ya Tensta. Mimi nilikuwa, na bado ni, mwalimu wa lugha ya mama, yaani yule mtu anayezunguka shule hadi shule na begi lake kuwafundisha Kiswahili watoto ambao ukiwasalimu wanakujibu kwa Kiswidi. Yeye alikuwa jikoni, akiosha masufuria ya chakula cha wanafunzi. Alitoka Uvira, akapita kambini miaka mingi, na Kiswidi chake siku zile kilikuwa cha masufuria tu: moto, baridi, tayari, asante. Lakini kutwa aliimba kwa sauti ya puani, na wapishi wenzake walikuwa wakijua anaumwa siku wasipomsikia. Ukimwona Jumapili ungedhani ni mtu mwingine. Kwaya yake ilikuwa ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wakenya wawili ambao nadhani walifuata pilau, watu ambao nje ya kanisa hawakukosa sababu ya kununiana. Aliwaongoza kwa mkono mmoja na unyusi, na wakamtii kuliko walivyomtii mchungaji.

Alikuja na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mtu akifa, hakuchagua wimbo kitabuni. Aliichukua kwaya ikakae na wafiwa, naye akauliza swali moja tu: marehemu alipenda kusema nini? Hakutaka neno la hekima, alitaka neno la kila siku, la jikoni au la mlangoni. Kutokana na neno hilo alitunga wimbo. Uliimbwa makaburini, ukaimbwa mara ya pili mwaka ulipotimia, kisha karatasi yenye maneno walikabidhiwa wafiwa na kwaya haikuugusa tena mpaka wenyewe waombe. Na katikati ya kila wimbo aliacha kimya, kitambo kizima kisicho na sauti ya mtu. Pale, alisema, ni pa mfiwa. Akitaka kulia alie, akitaka kujibu ajibu.

Dada mmoja Mrundi wa Hässelby alifiwa na binti yake wa miaka sita. Ugonjwa ulikuwa wa siku chache na sitausimulia. Mlango wa jengo lao ulifunguliwa kwa tarakimu, na mtoto alikuwa hajafikia vile vitufe kwa urefu, kwa hiyo akitoka kucheza alisimama chini ya dirisha la jikoni akaita, "Mama, nifungulie, nimerudi." Mwalimu wa kwaya alipouliza swali lake, mama alimpa maneno hayo. Mliokuwapo makaburini mnakumbuka. Kwaya iliita kwa sauti ya chini, nifungulie, nimerudi, ikanyamaza, na ndani ya kimya kile mama akajibu, "Nakuja." Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nililia mpaka nikaona aibu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo ule katika chumba cha chini ya jengo moja huko Sundbyberg. Hapa kuna vyama vya elimu ya watu wazima vinavyowapa watu vyumba vya kupigia muziki, mradi mjaze karatasi ya mahudhurio, na havibagui: wakimbizi na nyimbo zao za kanisa chumba hiki, vijana na magitaa yao ya umeme chumba cha pili. Majirani zetu walikuwa vijana wanne wa Kiswidi wenye nywele hadi mabegani, waliokwama na wimbo mmoja tangu majira ya kuchipua. Nasema zetu kwa sababu nami nilizoea kwenda kukaa pembeni nisikilize, ingawa sijui kuimba. Jumamosi ya tatu ngoma za upande wa pili wa ukuta zikaanza kuifuata kwaya. Mwalimu akanyanyua mkono, kwaya ikanyamaza, na ngoma nazo zikanyamaza palepale. Kisha mlango ukagongwa. Walikuja na chupa ya kahawa na mikate ya mdalasini, wakaomba, kwa adabu ambayo sikuitarajia kwa watu wa kelele, kwamba mzee awasikilize walichofanya.

Mpiga besi alijua Kifaransa cha shuleni, wakaelewana. Mwalimu akaketi juu ya kreti la soda, wale vijana wakampigia wimbo wake kama walivyousikia kupitia ukutani, mbio na kwa fujo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akawasimulia habari ya mtoto na dirisha la jikoni, na akawaambia kwamba wanauvunja mlango. Mtoto huyu havunji mlango, alisema, anajua atafunguliwa. Akawapunguzia mwendo. Akawafundisha kile kimya, na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mpiga ngoma hakuweza kukivumilia. Kila wakifika pale alikijaza kwa kugusa tasa, kile kisahani cha shaba, kidogo, kama mtu anayekohoa kanisani. Mwalimu hakumgombeza. Alisimama nyuma yake akavishika vijiti vya ngoma kwa mikono yake mwenyewe mpaka kitambo kikapita, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Walipofaulu, mpiga gitaa aliliweka gitaa lake chini akatoka nje kuvuta sigara. Wapenzi wa wimbo ule wanasema siri yake ni kile kimya kabla ya umma mzima kuitikia. Wanasema kweli. Mimi nilikiona kikifundishwa.

Vijana waliomba ruhusa ya kuutumia, na maneno ya Kiswahili wayaache kama yalivyo. Na yule mpiga besi akauliza swali ambalo hadi leo likinijia najisikia mdogo. Aliuliza kama mama wa mtoto anajua. Yule mgeni wa mila zetu, wa nywele ndefu, ndiye aliyeuliza. Mwalimu akajibu kwamba atamwuliza.

Jumatatu alinikuta katika bwalo la shule, watoto wamekwisha kula, akawa amesimama mbele yangu na sufuria mkononi. "Kaka," akaniambia, "niende kwa ule mama nimuombe, ao niache?" Hiki ndicho kipande nilichokiacha. Nilimwambia asiende. Nilimwambia yule ni mama mwenye msiba, hata mwaka haujatimia, unamwingiliaje nyumbani na maneno ya magitaa? Mwache mama wa watu apumzike. Nikaongeza, na nikacheka nilipoongeza, kwamba kule kanisani kwao hakuna anayesikiliza roki. Alisita. Lakini mimi nilikuwa mwenyeji wake, mtu mwenye digrii, mwandishi wa gazeti, niliyemjazia fomu zake zote tangu afike. Aliitikia kwa kichwa akarudi kwenye masufuria, na Jumamosi akawaambia vijana kwamba ni sawa.

Nataka niseme kidogo kuhusu hii tunayoiita heshima. Kwetu, jambo zito halipelekwi kavukavu. Kuna shangazi, kuna mjumbe, kuna jirani anayejua kuanza na habari za mvua hadi afike penyewe. Mjumbe akiambiwa hapana, anairudisha ile hapana imefungwa vizuri, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Tulipohamia huku tulibeba adabu yote tukawaacha wajumbe. Shangazi yuko Bujumbura, jirani ni Mswidi anayekupungia mkono kwenye lifti. Adabu imebaki peke yake, haina wa kuitumikia, imegeuka kuwa kunyamaza. Hatumwulizi mgonjwa anaumwa nini, hatumwulizi mjane anaishije, hatumwambii kijana kwamba tumemwona anapotea, halafu yakiharibika tunashangaa na kuketi vikao. Tunawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, wenyewe tunaishi kana kwamba ni tusi.

Sahani ya santuri ilitoka, na vijana hawakumdhulumu. Jina lake liliandikwa kwenye jalada, juu kabisa, kama mtunzi. Wimbo ukaanza taratibu, ukaingia redioni, ukaenda kwenye viwanja vya mpira wa magongo wa barafuni, ukaimbwa na wanafunzi wanaohitimu. Kanisani hakuna aliyejua, kama nilivyobashiri. Na angeachwa hivyo huenda tungekuwa naye leo. Lakini mimi nina kalamu, na kalamu inawasha. Niliandika safu ndefu ya kujivunia mwenzetu, nikasimulia chumba cha Sundbyberg, dirisha la jikoni na maneno ya mtoto, nikapamba kila kitu. Sikuandika kwamba mama hakuulizwa, wala kwamba nani alishauri asiulizwe. Kuna mtu, kwa nia njema, aliikata safu ile akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa la Hässelby, katikati ya ratiba ya usafi na picha za kambi ya vijana.

Jumapili ile nilikuwapo, nimeketi benchi la tatu. Matangazo yalipokwisha, yule dada alisimama na karatasi mkononi. Hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "nani alikwambia unaweza kumtoa mtoto wangu?"

Mwalimu alikuwa mbele ya kwaya, mkono bado uko juu kwa wimbo uliokuwa unafuata. Aliushusha. "Hakuna mutu, mama," akajibu. "Ni mimi tu."

Hakunitazama. Miaka yote hii nimejiambia kwamba angenitazama ningesimama. Ni uongo. Nisingesimama. Nilijua vizuri anachokifanya, nikamwacha akifanye, na ibada ilipokwisha nilikunywa chai pamoja na watu wakimsema, nami nikatikisa kichwa kama wao.

Yaliyofuata mnayajua, maana ni nyinyi mlioyafanya na mimi nikiwa nanyi. Ilisemwa kwamba amemuuza mtoto wa mwenzake. Ilisemwa kwamba amejenga ghorofa Uvira, wakati alikuwa bado anaosha masufuria yaleyale. Wazee wakamwondoa kwenye kwaya, kwaya ikagawanyika, Warundi huku, Wakongo kule, Wakenya wakarudi kwao. Akahama Hässelby akaenda kuishi Sundbyberg. Nilimwuliza kama ameingia kanisa jingine, akasema anasali nyumbani. Pale shuleni tuliendelea kukaa meza moja, na hakuwahi, hata kwa utani, kunikumbusha maneno niliyomwambia. Nilisubiri anilaumu ili nipate la kujitetea. Hakunipa nafasi hiyo, na niwaambieni ukweli, nilimchukia kidogo kwa sababu hiyo.

Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, tulikuwa tumesimama kituoni tukingoja basi la kwenda Spånga. Likapita lori la wahitimu, lile lililopambwa matawi, limejaa vijana wenye kofia nyeupe na chupa mikononi, na spika zinapiga wimbo ule. Wakafika penyewe. Waliita nifungulie, nimerudi, wakanyamaza wote pamoja, kimya kizuri, kamili, mpaka ukasikia injini. Halafu wakapiga miluzi na kumwagiana bia. Mwalimu alikuwa amevua kofia. Alingoja lori likate kona.

"Banajua kunyamaza," aliniambia. "Ila habajue ni nani banangoja."

Basi likaja tukapanda. Yapata miaka mitatu baadaye moyo wake ulisimama, nyumbani kwake, na aliyegundua ni mpiga besi, aliyekuwa akimtembelea kila Jumamosi na ile mikate ya mdalasini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kwenda.

Juzi nilipanda treni ya njia ya kijani hadi mwisho, nikaenda kwa yule dada. Nilitaka nimwambie kabla sijawaambia nyinyi. Alinikaribisha jikoni, akanipa chai, nikamweleza yote, bwalo la shule, sufuria, kicheko changu. Nikamweleza kwamba marehemu alitaka kuja kumwomba na mimi ndiye niliyemzuia, kwa kumhurumia yeye mfiwa. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanyoosha kitambaa cha meza, kisha akaniambia hivi: "Mngekuja mkaniuliza, kaka, ningewakatalia. Ningewapa chai kama hivi, ningewakatalia, mngeenda zenu. Wale vijana wangetafuta wimbo mwingine, na yeye angekuwa bado anatuimbisha."

Nilimwambia kwamba sikutaka kumwumiza. Akauliza, "Au ulijua nitakataa?"

Ndugu wasomaji, nilijua. Nilijua tangu pale bwaloni. Nilitaka wimbo utoke, nilitaka mmoja wetu asikike katika nchi hii inayotuona tukiwa na mifagio tu, na nilitaka niwe mimi niliyeiandika habari hiyo. Njiani palikuwa na mama mmoja mwenye haki ya kusema hapana, nikapita pembeni yake na kujiita muungwana. Mtu unayemheshimu unampa nafasi ya kukukatalia. Usipompa, umemchukulia kitu chake, hata kama uliondoka kwa kunyata.

Yule dada ameniambia atakwenda makaburini Ijumaa. Hakusema amesamehe, na sikumwuliza, kwa sababu lile si langu kuulizia. Wazee wetu, uamuzi wenu mliufanya mkidhani mnamjua mkosaji. Sasa mnao wawili, na mmoja amekwisha kulipa peke yake kwa miaka mingi kwa kutotaja jina la mwenzake. Nendeni mkae na wale waliokuwa wakimtembelea, hata kama ni Waswidi wenye nywele ndefu, mwaulize alipenda kusema nini, mkamwimbie. Na kama ni lazima katika jambo hili pawe na mtu wa kuzikwa bila kuimbiwa, basi ni mimi, na siku yangu ikifika ruhusa mnayo.